Masaa Matano na Nusu Kutoka Maskati

Wiki iliyopita nilikuwa Katonga, mwaloni hapa Kigoma, nimesimama kando ya meza za dagaa bila shida maalumu, maana mimi kukaa nyumbani siku mbili mfululizo ni adhabu. Kijana mmoja anayeuza chaja na kava za simu akanisogezea simu yake mpaka puani.

"Bro mkubwa, si ulikuwa mtu wa ndege wewe? Cheki hii. Kigoma mpaka Guangzhou masaa kumi na mbili. Kumi na mbili tu! Basi la Dar linazidi hapo."

Kwenye kioo kulikuwa na ramani. Nukta moja kwetu, nukta nyingine Uchina, na mstari mwekundu uliopinda kidogo ukiziunganisha. Chini yake kilomita, na chini ya kilomita zile saa kumi na mbili.

"Hiyo ndege inaondokea wapi?" nikamuuliza.

"Si hapo uwanjani?"

Wauza dagaa wakaangua kicheko. Mama mmoja akamwambia, "Ikija uniite, baba, na mimi nina mzigo wa kupeleka."

Mimi sikucheka. Namjua mtu mzima aliyewahi kuushika mstari kama ule kwa mikono miwili na kuibishia dunia nzima, na habari zake nitawapa. Ila kwanza niwaambie kazi yenyewe, kwa sababu ninyi mnaokata tiketi kwa kidole gumba hamjui kwamba zamani, tena si zamani sana, kulikuwa na mtu wa katikati. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikisema nimestaafu watu wananitazama, kwa kuwa hamsini bado sijaigusa. Sina mafao, sina kikokotoo cha kugombana nacho. Kazi ndiyo iliyotangulia kustaafu, nami nikaifuata. Tangu hapo nimeuza mawese Bujumbura, nimesimamia mizigo Kalemie, nimekaa Mpulungu msimu mzima huku mwenye nyumba akiniuliza kila Jumapili hasa nimefuata nini pale. Sasa niko Bangwe kwa dada yangu. Mwezi ujao sijui. Hata haya ninayowaandikia nimeyaandika nikiinuka na kukaa, nikiinuka na kukaa, na kila ndege ikipita nimetoka nje kuitazama kama vile nimeagiza kitu humo.

Ofisi yetu ya tiketi ilikuwa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, chumba kimoja kati ya duka la vitenge na kinyozi. Mwenyewe alikuwa Mama Tausi, mwanamke mpana, mwepesi wa maneno, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Mezani alikuwa na tufe la dunia lililobonyea upande wa Brazili na rola ya uzi mweusi wa cherehani. Nilikwenda kwake na cheti changu cha kidato cha nne nikitegemea anionyeshe kompyuta. Akanipa uzi.

"Kigoma mpaka London. Pima."

Nikainuka kwenda kwenye ramani ya ukutani, nikavuta uzi ukanyooka vizuri, nikajisikia msomi.

"Rudi," akasema. "Hiyo ramani ni ganda la chungwa lililolazimishwa kulala chali. Njoo upime kwenye chungwa."

Ndipo nikajifunza kwamba njia fupi kwenye tufe haifuatani na njia fupi ukutani, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo zinavyoachana. Akanifundisha kuugeuza uzi kuwa saa. Ndege kubwa, akasema, kwa saa moja ni kama imekwenda Mwanza na kurudi. Pangaboi, ile ndege ndogo ya mapanga, inakwenda kama nusu ya hapo na zaidi kidogo, na usimdharau pangaboi, ndiye anayekuja kwetu. Ukielekea mashariki kule kaskazini ya mbali upepo wa juu unakusukuma, ukirudi unakuwekea kifua, ndiyo maana kwenda na kurudi kwa njia moja havilingani. Nilikariri yote kwa siku chache. Nilidhani nimeshamaliza kazi.

Kumbe. Siku moja alichukua kiberiti, akaanza kulaza njiti moja moja juu ya tufe. Moja Dar es Salaam. Moja Nairobi. Moja Addis.

"Hicho ulichopima ni kipande cha angani. Hizi njiti ni kipande cha kukaa. Zungusha uzi uzipitie zote."

Uzi uliokuwa umenyooka kwenda London ukaanza safari kwa kurudi nyuma, kusini mashariki, mpaka Dar. Kutoka Dar ukapanda. Nikaomba uzi mwingine.

"Umeona? Wewe mtoto wa Kiha mwenye haraka, nisikilize. Mteja anakuuliza ndege inaruka muda gani. Usimjibu hilo. Anachotaka kujua ni lini atashuka na begi lake, ila hajui kuuliza. Mjibu ambalo hajauliza."

Nilimpenda mama yule, na niliipenda kazi kwa sababu isiyo nzuri sana kwa karani: ilinitia kiwewe. Mchana watu wakienda kula, nilikuwa napima mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kupataja. Kigoma mpaka Vladivostok. Kigoma mpaka visiwa vilivyo katikati ya maji matupu, ambavyo hata uwanja sijui kama vina. Nilikuwa nimeuza tiketi miaka kadhaa kabla sijapanda ndege hata moja. Nilipopanda, kwenda Dar kwa semina, nilikaa dirishani. Nikaiona Bangwe, nikaiona Ujiji, nikauona mto Malagarasi unavyomwaga tope lake ziwani, halafu mawingu. Nikakasirika. Safari niliyoingoja ujana wangu wote ilikuwa inakwisha kabla sijamaliza soda.

Mambo madogo ya kazi mtayaona hayana maana siku hizi, lakini yachukueni mawili matatu. Dagaa wa kusafiri na ndege akaushwe mpaka avunjike kwa kucha, afungwe kwa karatasi kwanza na plastiki baadaye, asifungwe kwa plastiki kwanza. Ukigeuza, unyevu unabaki ndani na abiria wote mpaka Dar watajua unatoka kwa wavuvi wa Ilagala. Mawese usiyaweke kwenye begi la nguo hata kama kifuniko kimefungwa na shemeji yako fundi bomba. Na mteja anayeishi ziwani mwambie akuonyeshe saa yake.

Hili la saa nililipata kwa Baba Siwema, mfanyabiashara wa samaki, migebuka wa kukausha, mtu wa Ilagala, mstaarabu, hajawahi kuchelewa kwenye jambo lolote na alikuwa haachi kutuambia hivyo. Alikata tiketi ya kwenda Dar. Siku ya safari nilikuwa uwanjani, nikamwona anashuka kwenye pikapu na maboksi yake, ananyoosha koti taratibu. Nyuma yake, juu ya paa la jengo, ndege inapaa.

"Shikamoo, Baba Siwema. Ndege hiyo inaondoka."

"Marahaba. Ya nani hiyo?"

"Yako."

Akatazama saa ya mkononi. "Acha utani, Nesto. Bado saa nzima. Mimi nimewahi."

Kumbe kule kwake redio iliyokuwa ikisikika vizuri ilikuwa ya Bujumbura, na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja. Alikuwa ameiweka saa yake kwa redio ile tangu alipooa. Harusi, mnada, vikao vya shule, kote huko alikuwa akifika kwa saa ya Warundi, na kwa kuwa kwetu kila kitu kinaanza kwa kuchelewa saa moja, miaka yote alikuwa anafika barabara. Ni ndege tu iliyomfichua.

Nilimweleza haya polepole. Alisikiliza, akakaa juu ya boksi la migebuka, akafikiri sana.

"Haya," akasema. "Sasa samaki wa ziwani wao wanatumia ya nani?"

Nikamsaidia kurudisha maboksi kwenye pikapu.

Nisimame kidogo. Haya, nimerudi.

Yule aliyeushika mstari aliitwa Idi, mtoto wa Ujiji, baba yake Mzee Mrisho fundi wa nyavu. Mimi ndiye niliyemkatia tiketi ya Maskati alipopata kazi ya udereva kule, na siku aliyoondoka alikuwa anacheka kwa sauti kubwa kama wanavyocheka watu wenye hofu. Aliahidi kuja kila mwaka. Hakuja hata mmoja. Mara mwajiri kabadilika, mara likizo imesogezwa, mambo hayo mnayajua. Alikuwa akipiga simu nyumbani kila Ijumaa baada ya swala, wala hakukosa, na kila Ijumaa alisema mwaka huu.

Mama Tausi wakati huo alikuwa ameniachia ofisi, amehamia Mwanza kwa binti yake. Asubuhi moja nafika kufungua, nawakuta watu wawili mlangoni. Mmoja Mzee Issa, mdogo wake Mzee Mrisho, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Mwingine Mwamini, dada yake Idi, mtandio umefungwa ovyo, simu mkononi imewekwa spika. Sikuhitaji kuambiwa. Mzee Mrisho alikuwa ameugua wiki ile, na alfajiri ile alikuwa amefariki.

"Poleni jamani. Shikamoo, Mzee Issa."

"Marahaba. Tumekwishapoa. Fungua, mwanangu, tuna swali moja tu."

Simu ikajibu yenyewe mkononi mwa Mwamini, sauti ya Idi. "Nesto! Upo? Nesto, waambie hao! Nimeiangalia hapa kwenye mtandao. Maskati mpaka Kigoma masaa matano na nusu. Matano na nusu! Kwenu sasa hivi ni asubuhi mbichi. Nikitoka saa hii, Alasiri nipo Ujiji. Waambie wamngojeshe baba mpaka Alasiri. Siombi zaidi."

Nilikaa kwenye kiti nikawasha kompyuta. Ile hesabu yake niliijua hata bila kuipima. Uzi mmoja ulionyooka kutoka Maskati, unavuka bahari, Somalia, Kenya, Ziwa Victoria, unatua kwetu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba angani hapakuwa na kitu chochote kinachopita juu ya uzi ule.

"Mimi nimeshawaambia wachimba kaburi," Mzee Issa akasema. "Nimesema Adhuhuri. Maiti haharakishwi kwa ubaya, anaharakishwa kwa heshima yake. Lakini shemeji yangu, mama yao, amesema kama mtoto anafika leo tungoje. Kusogeza mpaka Alasiri si kitu. Wewe ndiye mjuzi wa ndege. Sema."

Nikaanza kutafuta. Maskati kwenda Dar, kulikuwa na ndege ya jioni inayofika usiku. Ya Dar kuja kwetu ilikuwa imeshaondoka siku ile, inayofuata ni kesho asubuhi, na uwanja wetu siku zile ulikuwa wa mwanga wa jua tu. Nikajaribu Nairobi kwenda Bujumbura na kushuka kwa gari mpakani Manyovu. Hiyo ilimfikisha kesho jioni, tena kama muhuri ungegongwa bila maneno. Nikajaribu Mwanza na basi. Nikajaribu Kilimanjaro, ambako kusingenisaidia chochote, najua, lakini vidole vilikuwa vinataka kwenda mahali.

Mzee Issa akagonga meza kwa kucha. "Nesto, mwanangu. Unatafuta ndege au unatafuta maneno?"

"Ndege, mzee."

"Haya."

Idi akaita tena kwenye simu, "Nesto, sema basi!" na Mwamini akaibonyeza, akaizima sauti, akamwambia baba yake mdogo kwamba kuna mtu anamwita nje, dukani kwa vitenge. Mzee akatoka kutazama. Dada yule akainama juu ya meza yangu.

"Kaka Nesto, nisikilize haraka. Sema Alasiri."

"Mwamini, hafiki Alasiri."

"Najua hafiki! Hata mtoto mdogo anajua. Wewe sema tu. Wakishangoja mpaka Alasiri utasema ndege imechelewa. Wakishangoja Magharibi itabidi wangoje kesho. Kwenu Kasulu mnangoja siku tatu, siku nne, mpaka wa Dar wafike, mpaka wa Mbeya wafike. Kuna ubaya gani? Huyu ni mwanawe wa pekee wa kiume. Hajamwona baba yake tangu lini wewe unajua, maana ni wewe uliyempeleka."

Hilo la mwisho liliniingia. Na ni kweli, kwetu tunangoja. Babu yangu alingojwa mpaka watu wakaanza kusahau wamekuja kwa ajili ya nani, wanapanga harusi. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: inawezekana, Mzee Issa, tujaribu Alasiri. Yangekuwa mepesi. Halafu nikawawazia wazee wa Ujiji wamekaa kwenye mkeka barazani na maiti ndani ameshaoshwa, kila chombo kinacholia angani wanainua shingo. Mama wa watu chumbani naye anainua shingo. Na mimi peke yangu mjini ndiye ninayejua kwamba hakuna kitu.

Mzee Issa akarudi. "Hakuna mtu dukani."

"Hafiki leo, mzee," nikasema. "Kwa njia yoyote. Mapema kabisa ni kesho kabla ya Adhuhuri, kupitia Dar, na kiti kimebaki kimoja."

Alifumba macho. Midomo ikatikisika kidogo. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi Adhuhuri ya leo."

Mwamini akarudisha sauti ya simu. Idi alikuwa bado anaita jina langu. Nikamweleza mwenyewe, ndege kwa ndege, hapa utakaa, hapa utalala kwenye kiti, hapa utapanda.

"Kwa hiyo ule mstari ni wa uongo."

"Mstari ni wa kweli, Idi. Hakuna anayepita juu yake."

"Usinikatie tiketi," akasema. "Nije kumwona nani?" Akakata.

Mwamini alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda wakati ule, na siipendi sasa nikiikumbuka. "Leo umezika wawili, Nesto." Lile neno kaka lilikuwa limeshaondoka.

Walipokwenda, nilikishikilia kile kiti kimoja kwa jina la Idi. Kiti kinaweza kushikiliwa mpaka jioni bila kulipiwa, hiyo ilikuwa ruhusa ya mawakala na niliwahi kuitumia kwa sababu za kijinga zaidi. Nikafunga ofisi nikaenda Ujiji.

Sijui kama mmewahi kulifuata jeneza la Ujiji. Hakuna anayelibeba. Linapita juu ya mabega, kila bega linalipokea na kuliachia, mtu anatoka mbele anarudi nyuma, na mwendo ni wa haraka kiasi kwamba mimi mwenye miguu isiyotulia nilikuwa nahema nyuma yao. Mwisho wa msafara kulikuwa na wavuvi wa Bangwe ambao nyavu zao alizishona marehemu. Kabla jua halijainama sana tulikuwa tumeshapangusa mchanga mikononi.

Nikaenda kutoa pole nyumbani. Wanaume nje barazani, wanawake ndani. Bi Hadija, mjane, alikuwa ameshaingia eda. Alikaa chumbani, pazia limeshushwa, na mtu kama mimi asiye ndugu anamsalimu akiwa upande wa huku. Nikasimama ukumbini, nikasema nilichokuja kusema.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Ni wewe wa ndege?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ni wewe uliyesema hafiki?"

"Ndiyo, mama."

"Na kesho anafika?"

"Amesema haji, mama."

"Sikukuuliza amesema nini. Hayo ya kwake nayajua tangu anabebwa mgongoni. Nimekuuliza, kesho anafika?"

"Akianza leo mchana, anafika. Kiti nimekishika. Ila saa zimekwenda, kwao ni mbele yetu. Ndege ile imebakiza saa chache tu."

Akaita: "Mwamini, leta simu."

Mwamini alipita mbele yangu bila kunitazama, akaingia. Tulisikia simu ikiita, kule na huku, ikiita. Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakaacha.

"Idi. Mimi. Baba yako tumemhifadhi, amekwenda vizuri. Sasa acha kulia unisikilize, maana salio ni la dada yako. Wewe ulikuwa unamkimbilia maiti. Maiti hawezi kukungoja, na sisi hatukuweza kumngojesha. Mimi naweza. Mimi nimeingia eda, miezi minne na siku kumi siendi kokote. Siendi sokoni, siendi kwa jirani, siendi hata hapo kwa mama Kuruthumu. Hata ukija kwa miguu utanikuta."

Mzee mmoja barazani akacheka, akajizuia, akafunika mdomo kwa kofia yake. Sikusikia Idi alijibu nini. Nilimsikia Bi Hadija tu: "Basi vaa viatu."

Nilikimbia. Mwanga si mbali na Ujiji lakini siku ile ilikuwa mbali kuliko Vladivostok. Nikakikata kile kiti, nikamtumia Idi namba, nikamwambia asisimame popote, asinunue kitu, asiage mtu.

Kesho yake nilikuwa uwanjani mapema mno, natembea kutoka ukuta mpaka ukuta mpaka askari akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mwamini alikuwepo. Amesimama peke yake karibu na bajaji aliyokuja nayo. Kwetu mtu akirudi anapokelewa na nyumba nzima, lakini mama yao hatoki, na wanaume walikuwa kwenye matanga. Tulisimama hivyo, yeye kule, mimi huku, mpaka mlio ulipotokea upande wa milima. Hapo akanisogelea.

"Ni hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Una hakika yumo?"

"Sina," nikamwambia, kwa sababu sikuwa nayo.

Alikuwemo. Alishuka wa mwisho, na begi dogo kama la mtu anayekwenda kuchezea timu ya mtaa, ndevu hazijachanwa, macho mekundu. Alinipa mkono. Alimshika dada yake mabega, wakakaa hivyo kidogo, nami nikageuka kutazama pangaboi likizima.

Kwenye bajaji dereva akauliza, "Wapi, wakubwa?"

"Makaburini," Idi akasema.

Mwamini hakubisha. Mimi nilikuwa nimebanwa pembeni na sikuwa na sauti katika jambo lile. Bajaji ikaanza kwenda. Tulipokaribia njia ya makaburi Idi akamgusa dereva begani, akasema, "Hapana. Pita. Twende nyumbani kwanza." Dereva akapita.

Alivua viatu mlangoni. Akaingia chumbani kwa mama yake, na pazia likarudi mahali pake. Mimi nilibaki ukumbini na begi lake mkononi, sijui niliweke wapi. Tulitegemea kilio. Hakikuja. Kulikuwa na sauti ya kikombe kikiwekwa chini, halafu Bi Hadija akasema:

"Haya. Nihadithie. Umepita wapi?"

"Mama..."

"Nihadithie njia. Ulipotoka kwako ulipanda nini?"

Akaanza. Alianza vibaya, anarudi nyuma, anajisahihisha. Teksi mpaka uwanjani, na dereva Mbaluchi aliyekataa kuzima redio. Bahari kutoka juu, nyeusi. Dar na joto lake, na benchi la chuma alilolala, na mama mmoja wa Kigoma aliyemwona analia akampa kashata bila kumuuliza jina. Alfajiri, foleni. Akapanda. Mama yake alikuwa anaitikia kila mahali, eehe, eehe, halafu? Ndege ikashuka Tabora kuchukua watu. Injini zikazimwa. Akakaa pale akitazama nje, akaona mzee mmoja uwanjani amevaa kofia kama ile ya...

Sauti yake ikakatika hapo Tabora. Ikakatika kabisa, na kilio ambacho nyumba nzima ilikuwa inakingoja tangu jana kikatoka, na Mwamini akaegemea ukuta wa ukumbi akaweka mtandio usoni.

Bi Hadija alimwacha. Alimwacha muda mrefu. Halafu nikamsikia, taratibu kabisa, kama mtu anayemwongoza mgeni kwenye njia ya giza:

"Bado hujafika, mwanangu. Uko Tabora. Endelea."

Akavuta pumzi, akaendelea.